Kamba ya Tatu

Uvira, Mulongwe, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja, 2023

Divine,

Kwanza, usinitumie tena sauti mu telefone. Sauti inapita miye sijaelewa, na mama yako mudogo Generose yuko anacheka mbele yangu. Nilijifunza kuandika pale ku paruasi, ku kanisa, nikiwa na miaka makumi tatu na nane, mutoto mugongoni, haikuwa ya kupamba. Andika karatasi. Thierry wa sekretaria ataitoa mu mashine yake, na hizi zangu atazipiga picha akutumie. Nimemuambia akiruka hata mustari moja, nitajua.

Sasa habari ya kamba. Generose ananiambia kamba yako ya kwanza imekatika mu bahari ya Bazungu, na majani yote uliyopanda yameenda. Nikasema vizuri. Usivimbe mudomo. Weye mwenyewe ulitueleza: muko na kamba tatu. Mwezi wa tano wakubwa wa proje watakuja kuangalia. Wakikuta majani, kazi inaendelea. Wasipokuta, banafunga, na weye unarudi nyumbani. Basi miye si muntu wa kuficha. Miaka tano haujakanyaga hapa. Zikatike zote tatu, miye nitapika wali.

Lakini Thierry alinionyesha ile picha, na kazi mbaya inaniumiza macho. Nani alikufundisha kufunga vile? Jiwe huku, jiwe huku, kamba katikati imekazwa kama ya kuanika nguo. Unataka kuanika nini mu bahari? Tangu babu yako Gaspard aliniachia mutumbwi na nyavu zenye matundu, nimeshona nyavu za wavuvi wa Kalundu miaka makumi tatu. Wanaume walicheka kwanza, kisha walipanga foleni ku mulango wangu. Wavu wa kuacha mu maji unafungwa ku jiwe moja tu, upande wa kichwa. Upepo ukitoka kusini, wavu unalala kaskazini. Ukigeuka, nao unageuka. Haugombani na muntu.

Fanya vile. Ao usifanye, urudi.

Na shingo yako mu picha imekuwa nyembamba. Unakula nini kule?

Miye koko wako, Marie-Jeanne Niyonsaba, kwa mukono yangu

*

Bretagne, Ufaransa, 26 Novemba 2023

Koko mpendwa,

Barua yako nimeisoma kazini, na Bruno, mkuu wetu, akauliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia bibi yangu ananigombeza. Akasema, "Mwambie anigombeze na mimi, nami niliikaza ile kamba."

Nikueleze vizuri, maana sauti yangu ilikuwa ya haraka. Majani haya tunaita mwani. Mbegu zake ni ndogo kuliko unga. Zinashikamana kwenye uzi mwembamba, na ule uzi tunauzungusha kwenye kamba kubwa. Tunaiweka baharini kabla ya baridi kali, na kufikia mwezi wa tano kila jani limezidi urefu wa mtu. Watu wanaula, na wengine wanautia kwenye dawa na kwenye chakula cha ng'ombe. Karibu na pwani, palipotulia, pamejaa mitego ya watu na mashua. Ndiyo sababu sisi tunatafuta namna ya kulima mbali, kwenye bahari wazi. Huko mawimbi yanazidi urefu wa nyumba yetu pamoja na paa lake. Kazi yangu ni kuchora kitu ambacho hayatakivunja. Mpaka sasa nimechora kitu ambacho yamekivunja.

Tuliikaza kamba kwa sababu ikilegea majani yanasuguana na kukatika. Lakini ulichosema kimenikaa kichwani. Kamba ya pili tutaifunga kwenye jiwe moja, kama wavu wako.

Jambo moja usilolijua: maji ya huku yanapanda na kushuka mara mbili kila siku. Asubuhi mashua inaelea, mchana imekaa kwenye matope.

Umesema nirudi. Ninataka kurudi, Koko. Lakini sitaki kuingia pale uani na mikono mitupu, watu wa sokoni waniulize kamba zilienda wapi. Nikirudi nirudi kwa sababu nimemaliza.

Ninakula vizuri. Shingo ni ile ile uliyonipa.

Mjukuu wako, Divine

*

Uvira, tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili, 2023

Divine,

Maji yanapanda na kushuka mara mbili mu siku moja? Ni nani anayavuta? Nimemusomea Consolée jirani, akasema huko shule bamekuzoeza kusema kitu yoyote. Miye nimekutetea, lakini kidogo tu. Maji yetu yakipanda yanakaa. Ziwa limeanza tena kula pwani. Imefika nyuma ya jikoni ya jirani Libérat, na haina haraka ya kurudi. Mutumbwi wake anaufunga ku muti wa kuanikia nguo.

Ku soko nimewaambia mujukuu wangu analima bahari. Consolée ameuliza unatumia jembe gani. Nikamujibu: ile isiyo ya kuazima, kama yangu uliyobeba tangu Pasaka. Akageukia bei ya nyanya.

Hayo majani ya kula, miye sitaki kuyaona. Sisi tuko na lengalenga. Muntu anaacha lengalenga ku mulango, anaenda kutafuta majani chini ya maji ya chumvi. Sawa.

Noeli tutakula samaki, mikeke ya ziwa letu, na muchele wa Bwegera, muchele mupya. Nitakuwekea sahani. Usicheke. Kila mwaka ninaiweka, na Generose anaikula kesho yake asubuhi akifikiri sijui.

Chumba chako kiko. Kuna mwalimu alitaka kukipanga, nikamuambia kina mwenyewe.

Ile ya jiwe moja, umeifanya? Niambie ukweli, usinipake mafuta.

Koko wako, M.-J. Niyonsaba

*

Bretagne, 14 Januari 2024

Koko,

Umesema nisikupake mafuta. Nimekaa na barua hii wiki mbili kwa sababu nilitaka kukuficha.

Tuliifanya. Kamba ya pili, jiwe moja upande wa kichwa. Siku ya kwanza ililala vizuri kabisa, nikakusifu mbele ya wote. Lakini maji ya huku, yakiisha kwenda upande mmoja kwa saa sita, yanarudi kwa njia ile ile. Kamba ikarudi juu ya mgongo wake yenyewe. Ikaenda, ikarudi. Baada ya siku nne ilikuwa imejizungusha kwenye jiwe lake kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye hasira. Tumekata kwa visu siku mbili nzima. Mwani wote umekwisha.

Si kosa lako. Wewe ulisema mambo ya ziwa, na kwenye ziwa ni kweli. Mimi ndiye niliyesomea bahari, ningepaswa kuliona. Nimemwambia Bruno wazo lilikuwa langu.

Imebaki kamba moja. Hii tumeamua: mawe mawili, lakini isikazwe sana, na izame pima tatu chini, mahali ambapo wimbi limepoteza nguvu. Hapo sote tunakubaliana. Tatizo ni vyelezo. Lazima kitu kiibebe kamba isianguke mpaka chini, kwa hiyo tumefunga maboya makubwa ya rangi ya machungwa. Kila wimbi likipita linayainua kwa nguvu, nayo yanaivuta kamba, tap! tap! mchana kutwa. Tumejaribu vipande vifupi mara tatu, na mara zote tatu vimekatika pale pale, kwenye fundo la boya. Nimepiga hesabu mpaka namba zinanizunguka.

Ndiyo nakuuliza. Nyavu zako zilikuwa na bidon za njano, yale madumu ya plastiki, nazikumbuka zikipangwa mbele ya nyumba. Zilikuwa zinakata kamba? Ulifanyaje? Nakumbuka pia ulinichapa siku moja kwa ajili ya hizo bidon, nikiwa na miaka sita au saba, lakini sikumbuki nilikosa nini.

Kamba ya tatu inaingia majini tarehe 2 Machi. Tumechelewa, na mbegu hazitasubiri zaidi. Hii ikikatika, tiketi yangu ya kurudi ni tarehe 31 Mei.

Nisaidie, Koko.

Divine

*

Bretagne, 11 Februari 2024

Koko,

Sijapata jibu lako. Thierry anasema barua alikupa mkononi siku ile ile. Umekasirika kwa ajili ya lile jiwe moja? Kama umekasirika, nigombeze. Kugombezwa nimezoea. Hiki kimya sikijui.

Zimebaki siku ishirini.

Divine

*

Uvira, le 18 Februari 2024

Divine mutoto wangu,

Ni miye mama mudogo Generose. Koko hajui kama naandika, na Thierry amekula kiapo.

Usiogope, Koko haumwi. Anakula, anatembea, jana alimufukuza muuza makala ya kupikia mpaka ku barabara juu ya gunia moja. Barua yako ya mwezi wa kwanza iko chini ya godoro yake. Kila siku baada ya kula anaitoa, anaweka miwani, anaisoma yote, anairudisha. Nikimuuliza utajibu nini, anasema kalamu haina wino. Kalamu nilinunua tatu.

Na kitu kingine. Amepaka chumba chako chokaa. Peke yake, alipanda ku kiti na miaka yake makumi saba na mbili. Amenunua shuka za maua. Ijumaa alimuuliza Libérat kama taxi-moto inaweza kubeba valizi mbili kutoka mupaka ao ni heri kutafuta gari.

Miye nafikiri jibu analo. Nafikiri analikalia.

Usimuambie nimesema. Atanitoa mu nyumba.

Generose

*

Uvira, tarehe 24 mwezi wa pili, 2024

Divine,

Jibu ninalo. Nililijua ile saa Thierry alinipatia karatasi, nilikuwa bado nimesimama ku mulango wake. Sikukasirika juu ya jiwe. Jiwe lilinichoma, ni kweli, kwa sababu nilisema kwa mudomo mukubwa kitu cha maji nisiyoyajua. Lakini haikuwa hiyo.

Nilisoma mwezi wa tano tarehe makumi tatu na moja. Nilihesabu. Nikasema: Marie-Jeanne, ukinyamaza tu, mutoto anarudi. Hauongopi, hauibi, unanyamaza. Ni kitu gani rahisi kama kile? Nikapaka chokaa. Kila siku nilikuwa nasoma pale uliandika "nisaidie", nafunga karatasi, naenda kuangalia chumba.

Jana nilikaa ku kitanda chako, ku zile shuka mupya. Nikaona namna utakuja. Utaingia na valizi, utanisalimia vizuri, utakula wali yangu, na macho yako yatakuwa chini. Miye nitajua ni miye. Utakaa mu nyumba yangu kwa sababu nilikukalisha kwa wizi. Sijamulea mutoto kwa namna hiyo. Nilitoka, nikamutuma Generose kalamu, akaniambia ziko tatu. Ana kiburi siku hizi.

Sasa sikiliza na uandike.

Boya tupu ni kitu cha mu hewa. Wimbi likija, linaruka, na kila kilichofungwa pale kinavutwa. Babu yako alikuwa nafunga bidon tupu, kubwa, litre makumi mbili, na kila asubuhi analeta wavu umepasuka ku mafundo, anasema ni mamba. Mamba gani anakula mafundo tu? Alipokufa nikaanza kazi miye mwenyewe, nikaangalia. Nikajaza bidon maji mpaka nusu, nikafunga mufuniko kwa nguvu. Bidon ya nusu maji haizami, lakini hairuki. Inasimama mu maji, kichwa tu inje, mwili chini. Wimbi linapita juu yake, yeye anainama kidogo tu. Mafundo hayakukatika tena. Wanaume wa Kalundu waliuliza ni dawa gani nimetia. Nikasema ni dawa ya kwetu. Nilificha miaka mbili.

Ya pili: usifunge kubwa moja moja. Funga ndogo, mingi, kila moja ibebe kidogo. Moja ikienda, ingine zinabaki.

Ya tatu: kamba kati ya bidon na kamba kubwa iwe ndefu kupita inavyotakiwa, ilegee, ili bidon ikicheza huku juu, chini wasijue.

Na ndiyo sababu nilikuchapa. Ulikuta bidon zangu kumi na mbili zimepangwa tayari, ukamwaga maji yote, ukakuja mbio kuniambia "Koko, nimekusaidia, zilikuwa zimeingia maji!" Ulikuwa unafurahi sana. Sikupaswa kukuchapa. Nilipaswa kukueleza, sasa ungekuwa unajua toka zamani, na miye singekuwa na kitu cha kuficha.

Mu bahari yenu sijui. Safari hii nakuambia wazi, sijui. Piga hesabu yako kwanza.

Koko

*

Bretagne, 31 Machi 2024, Pasaka

Koko wangu,

Nilipata barua yako Jumamosi, na Jumatatu nilikuwa mbele ya Bruno na bidon. Alicheka kidogo, kisha akaacha, akaenda kukaa kwenye kompyuta tukapiga hesabu pamoja. Tulizipiga mara tatu. Zinakubali, Koko. Uzito wa maji mle ndani unalizuia boya kurukaruka. Watu wameandika vitabu vikubwa kuhusu jambo hilo, nami nimevisoma, lakini hakuna kitabu kilichoniambia chukua bidon na maji. Tumefunga arobaini, ndogo, kila moja na kamba yake iliyolegea. Juu ya kila ya nne tumeweka kijiti na bendera ili tuzione kutoka nchi kavu. Zote kumi.

Tarehe 2 Machi tuliiweka. Wiki tatu ilikaa kama mtoto mwema.

Siku nne hizi kuna dhoruba. Hakuna chombo kinachotoka. Nimekwenda kanisani asubuhi, kisha nikapanda kwenye jabali na darubini. Mawimbi yanapasuka mpaka povu linaanguka kwenye barabara. Nimeona bendera nane. Sijui mbili zimekwenda, au zimefichwa na mawimbi tu. Kama kamba yenyewe imekatika chini, bendera zitaendelea kuonekana siku moja au mbili, kisha zitaanza kutembea. Nimezitazama mpaka macho yanatoa machozi. Hazijatembea bado.

Kuhusu kule kunyamaza kwako: sikasiriki. Nilisoma ile barua nimesimama jikoni, nikairudia toka mwanzo. Nami kuna siku, usiku ule wa kamba ya pili kuharibika, nilijikuta nimefurahi kidogo kwamba labda nitarudi nyumbani. Na sasa nakifikiria chumba kile kilivyo, cheupe, na shuka za maua. Basi tuko wawili.

Pasaka njema.

Divine

*

Uvira, tarehe 21 mwezi wa ine, 2024

Divine,

Nani alikuambia shuka ni za maua? Miye niliandika mupya, sikuandika maua. Nimemuangalia Generose, akaenda kuchota maji ambayo yalikuwa yamejaa mu ndoo zote. Nitamushugulikia.

Ziwa sasa liko mu kiwanja chetu. Usianze kulia. Nyumba yetu iko juu ya mawe, iliwekwa na muntu mwenye akili, maana nilisimama pale nikimugombeza. Lakini kwa Libérat limeingia, wamehama na batoto, wako mu kile chumba chako. Batoto wanne ku kitanda chako na shuka zako. Niliona haifai kuacha chumba cheupe kisichokuwa na muntu, na batu wanalala ku barabara.

Dimanche nilikuwa ku misa, na wakati wa kuomba nikakwama. Nikiomba kamba ishike, naomba usirudi. Nikiomba urudi, naomba ikatike. Nikakaa hivyo mpaka watu wakasimama kwa Baba Yetu, na miye bado sijachagua. Mwisho nikamuambia Mungu: Weye uliona ile barua niliandika mwezi wa pili, hiyo ndiyo sala yangu, sina ingine. Nikaenda nyumbani.

Bendera ziko ngapi?

Koko

*

Bretagne, 19 Mei 2024

Koko,

Bendera nane. Mbili zilikwenda, pamoja na bidon sita. Kamba haikwenda popote.

Wakubwa wa mradi walikuja Alhamisi. Bahari ilikuwa mbaya, mmoja wao alitapika njia nzima, na nadhani hiyo ilitusaidia, maana aliona mahali penyewe. Bruno akawasha mashine ya kuvuta. Kamba ikaanza kupanda, na mimi sikuweza kuangalia, nilikuwa natazama viatu vyangu. Nikasikia Bruno anasema jina langu. Nikainua kichwa. Majani, Koko. Ya rangi ya kahawia, yanang'aa, marefu kama Thierry, yanaendelea kutoka majini, mengine na mengine, mpaka mashua ikaanza kuegemea upande mmoja. Si mengi kama tulivyotaka, kwa sababu tulichelewa. Lakini hakuna fundo hata moja lililokatika. Nilipitisha mkono kwenye kila moja.

Yule aliyetapika aliuliza wazo la maji ndani ya maboya limetoka wapi. Nikasema kwa Marie-Jeanne Niyonsaba, mshona nyavu wa Kalundu. Aliandika jina lako kwenye daftari lake. Aliniuliza namna ya kuliandika.

Wanataka kamba ishirini. Miaka mitatu. Nao wanataka niwe msimamizi wa michoro yote.

Karatasi ziko mezani kwangu, sijatia sahihi. Nina mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 31, siku ile ile ya tiketi. Nimekuambia nitarudi nikimaliza, sasa nimemaliza na ndiyo kwanza inaanza. Ukisema rudi, narudi, na sitainamisha macho. Nakuahidi hilo. Ninarudi nikiwa nimeshinda.

Sema neno, Koko.

Divine

*

Uvira, tarehe 26 mwezi wa tano, 2024

Divine,

Nimesoma barua yako kwa sauti, mbele ya Consolée, Libérat, Generose na yule Thierry aliyefunga sekretaria yake ili aje asikie. Pale pa jina langu mu daftari nilisoma mara mbili. Consolée alisema hakusikia vizuri, nikasoma ya tatu.

Kisha niliwaambia watoke, nikalia. Nakuambia ili usifikirie miye ni jiwe. Nililia kidogo, nikapika, tukala.

Tia sahihi.

Usiniulize tena "sema neno". Neno nilisema mwezi wa pili, na nilijua linakwenda wapi. Muntu hawezi kufunga mafundo yashike, kisha akasirike kwa sababu yameshika. Tia sahihi, lakini soma yote kwanza, na pale pa likizo uwaambie waandike. Unakuja Noeli. Usiniandikie "Mungu akipenda" ao "tutaona". Andika tarehe, na saa ya ndege. Batoto ya Libérat nitawahamisha ku kitanda changu, wanapiga mateke lakini ni siku chache.

Na usifikiri nitakaa hapa miaka tatu nikihesabu bendera zako mu karatasi. Nimeuliza njia ya kuja kule. Thierry anasema kwanza pasipoti, na ya pasipoti nitaenda Bukavu niweke vidole mu mashine. Kisha visa, na hiyo banakatalia batu wengi. Nikamuambia: wanakatalia batu ambao majina yao hayako mu daftari. Akasema sawa, Koko. Anaogopa kunijibu, ni kijana muzuri.

Picha tayari nimepigwa. Mupiga picha aliniambia nisicheke. Nilimuambia sikuwa na mupango huo. Nimevaa kile kitambaa cha kijani, na masikio yote mbili yanaonekana, banataka hivyo.

Waambie batu yako mambo matatu. Kwanza, bidon arobaini kwa kamba moja ni kidogo. Ongezeni, maana majani yakinenepa yatavuta chini. Pili, huyo mukubwa anayetapika asipande siku ile nitakuja, atanichafulia. Tatu, huyo Bruno anitafutie viatu vya maji, namba makumi tatu na nane, mipana, kwa sababu kidole changu kikubwa kina shida.

Na siku hiyo miye nakaa mbele, pale karibu na ile mashine ya kuvuta. Sitaki kukalishwa nyuma kama muzigo. Weye ukianza tena kuangalia viatu, nitakugonga ubavuni uangalie maji.

Koko wako,
Marie-Jeanne Niyonsaba